Kufunga antena ya foni kwenye gari: mambo ya kujua kabla ya kutoboa bati



Kwenye barabara nyingi za mashariki, simu inanyamaza kilomita chache baada ya kutoka mjini. Gari lililobeba mgonjwa, chanjo au wajumbe wa mkutano likikwama kwenye tope, au daraja likiwa limekatika, simu ya mkononi haisaidii kitu. Ndiyo maana hospitali na vituo vya afya vingi bado vinatunza foni, na wengine wanaiweka ndani ya gari. Wako pia watu wachache wenye ruhusa ya redio ya ridhaa, yaani wale wanaozungumza hewani kwa kujifunza na kwa kupenda ufundi wenyewe, bila malipo. Wote hao wanakutana na swali moja: antena ifungwe wapi, na kwa namna gani?

Tumeandika makala hii kwa ajili ya mafundi, mashofere na viongozi wanaotoa pesa za kununua vifaa. Mara nyingi pesa zote zinakwenda kwenye foni yenyewe, kisha antena inafungwa haraka haraka kwa bolti mbili. Foni inawaka, taa zinaonekana, lakini hakuna anayesikia.

Makanisa yanaijua kazi hii tangu zamani. Mwaka 1928, huko Australia, mchungaji wa Kipresbiteri John Flynn alianzisha huduma ya waganga wanaosafiri kwa ndege. Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili watu waliokaa mbali sana waweze kumwita daktari. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya foni nyingi za gari za leo, lakini ilisikika.

Gari ni nusu ya antena

Fimbo unayoiona imesimama juu ya gari ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari. Umeme wa mawimbi unaopanda kwenye fimbo lazima upate mahali pa kusukumia upande wa chini, na mahali hapo ni paa, shasi na bodi nzima. Kama fimbo haikushikana vizuri na bati, ni sawa na mtu anayetaka kuruka huku amesimama kwenye matope: nguvu yote inapotea chini ya miguu.

Antena ileile inaweza kufanya kazi vizuri kwenye gari moja na vibaya kwenye lingine. Kabla ya kulaumu foni, angalieni kwanza bati.

Urefu wa fimbo

Antena ya kawaida ya gari ina urefu wa robo ya wimbi. Hesabu yake ni rahisi: gawanyeni 75 kwa masafa ya megahezi, mtapata urefu kwa mita.

Kwa VHF, tuseme 145 MHz, jibu ni karibu sentimita 52. Kwa kazi fimbo hupunguzwa kidogo, ikabaki karibu sentimita 50. Fimbo fupi kama hiyo inakaa juu ya paa bila shida. Lakini VHF husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga. Mlima ukisimama katikati, mazungumzo yanakatika, isipokuwa kuna kituo cha kurudisha sauti juu ya kilima.

Kwa HF, tuseme 7.1 MHz, jibu ni mita 10 na nusu. Hakuna gari linaloweza kubeba fimbo ya namna hiyo. Basi fimbo inafupishwa mpaka mita 2 au 3, na mahali pa urefu uliopotea panawekwa bobini, yaani waya wa shaba uliozungushwa. Kuna pia antena zenye mota au vifaa ndani, kama zile za Codan zinazoonekana kwenye magari ya mashirika, ambazo zinajirekebisha zenyewe kila masafa yanapobadilishwa. Hizo ni za bei kubwa, lakini nazo zinahitaji bati safi kama zile nyingine.

Mahali pa kufunga

Katikati ya paa ndipo pazuri zaidi kwa VHF. Bati linaizunguka antena pande zote, na sauti inakwenda sawa kila upande. Antena ya sumaku inaweza kutosha hapo, maana kwa masafa ya VHF mawimbi yanapita hata kwenye rangi nyembamba. Lakini sumaku haishiki paa la aluminiamu, na kwenye njia ya msitu tawi moja linatosha kuiangusha.

Kwa HF, sumaku peke yake haifai: rangi iliyo katikati inazuia sehemu kubwa ya nguvu. Hapo inahitajika bolti inayogusa chuma. Mahali panapochaguliwa mara nyingi ni hapa:

- Bampa ya mbele au kizuizi cha chuma kilicho mbele ya taa. Ni imara na fundi anapafikia kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba bodi ya gari inaifunika antena upande mmoja, hivyo sauti haiendi sawa pande zote. Tena antena isifunike taa wala macho ya shofere.
- Kona ya nyuma. Matawi hayaigongi sana kama mbele. Lakini kama imefungwa kwenye mlango wa nyuma, bawaba za mlango hazipitishi umeme vizuri. Lazima uwekwe msuko wa shaba kutoka mlango mpaka bodi.
- Keria ya juu. Inafaa kama ni ya chuma na imeunganishwa kweli na paa. Keria nyingi zimepakwa rangi na kukalia mipira, basi kwa umeme ni kama zinaelea hewani. Tena keria ndiyo mahali pa magodoro, mizigo na mikungu ya ndizi. Antena iliyozungukwa na mizigo haifanyi kazi yake.

Popote mtakapochagua, bobini isilale karibu na bati. Iwe juu, mbali na bodi kadiri inavyowezekana. Kikalio nacho kiwe cha chuma kinene: fimbo ya mita 2 kwenye barabara yenye mashimo inavuta na kusukuma siku nzima, na bati jembamba linapasuka.

Bati kwa bati

Hii ndiyo sehemu ya kazi isiyoonekana, na ndiyo inayoamua yote. Fundi afuate hatua hizi:

1. Aondoe rangi na kutu kwa msasa mahali kikalio kinapokaa, mpaka chuma king'ae.
2. Afunge kwa bolti na woshi yenye meno inayouma chuma, kisha akaze.
3. Apake grisi juu ya mahali palipokazwa ili maji na kutu visiingie tena.
4. Aunganishe kwa msuko mpana na mfupi wa shaba vipande vya gari vilivyotengana: boneti na bodi, mlango wa nyuma na bodi, keria na paa, bodi na shasi, bomba la moshi na shasi.

Msuko uwe mpana kwa sababu mawimbi ya redio hupita juu ya ngozi ya waya, si ndani yake. Waya mwembamba na mrefu hausaidii sana hata kama kipimo cha umeme wa kawaida kinaonyesha kwamba umeungana.

Tuone kwa hesabu. Antena fupi ya HF ina ukinzani mdogo sana unaotoa mawimbi, omu chache tu. Tuseme ni omu 4, bobini inakula omu 6, na upande wa gari unakula omu 10 kwa sababu mguso ni mbaya. Jumla ni 20. Katika wati 100 za foni, 4 juu ya 20 ndizo zinazotoka hewani, yaani wati 20. Zile 80 ni joto. Sasa fundi anasafisha chuma, anafunga misuko, na upande wa gari unashuka mpaka omu 2. Jumla inakuwa 12, na wati zinazotoka ni 33. Foni haikubadilishwa, na pesa zilizotumika ni za msasa na msuko wa shaba.

Kebo na umeme

Kebo ya antena iwe ya koaksi ya omu 50. Kwa urefu mfupi wa ndani ya gari, aina ya RG-58 inatosha. Ipite kwenye tundu lenye mpira, isikatwe na bati. Isibanwe na mlango, wala isilale juu ya bomba la moshi. Mahali inapoungana na antena pazibwe vizuri kwa utepe wa umeme, na juu yake kanda ya mpira wa ndani wa tairi iliyokazwa. Maji yakiingia kwenye kebo yanapanda ndani ya msuko wake, na kebo hiyo haifai tena.

Umeme wa foni utoke moja kwa moja kwenye betri, si kwenye waya wa kiberiti cha gari. Foni ya wati 100 inavuta karibu ampea 20 wakati mtu anasema. Kama betri iko mita 4 kutoka kwenye foni, umeme unasafiri mita 8 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 2.5, zaidi ya volti 1 inapotea njiani. Kwa waya wa milimita mraba 6, inapotea karibu nusu volti. Foni nyingi za volti 12 hukoroma au kuzimika betri ikishuka. Tumieni waya mnene, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati unawasha moto.

Malori mengi yana volti 24. Msichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili: moja itachoka, nyingine itajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunueni kifaa cha kushusha volti.

Mkisikia kelele kwenye foni, zimeni injini. Kelele ikiisha, inatoka kwenye gari. Chomoeni kwanza chaja za simu na taa za LED, maana hizo ndizo zinazopiga kelele mara nyingi. Kisha chomoeni fyuzi moja moja mpaka mpate inayosababisha. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, lakini alternata na pampu ya mafuta zinaweza kuleta kelele.

Kupima bila kudanganyika

Kipimo kinachotumika ni SWR, kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani inarudishwa na antena. SWR ya 1.5 inarudisha karibu asilimia 4. Ya 2 inarudisha karibu asilimia 11. Ya 3 inarudisha asilimia 25. Chini ya 1.5 ni vizuri, mpaka 2 mnaweza kufanya kazi. Kuanzia hapo foni nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue.

Pimeni gari likiwa mahali wazi, mbali na kuta na magari mengine, milango imefungwa. Kama kipimo kizuri kinapatikana chini ya masafa yenu, antena ni ndefu. Punguzeni kidogo kidogo. Kama kinapatikana juu yake, antena ni fupi; irefusheni.

Lakini SWR nzuri peke yake isiwafurahishe. Antena fupi ya HF iliyofungwa vizuri mara nyingi ina omu chini ya 50, nayo inahitaji kifaa kidogo cha kuipatanisha na kebo. Kama SWR imekuwa nzuri yenyewe bila kifaa hicho, mara nyingine sababu ni omu za kutu na mguso mbaya zilizojazia pengo. Kipimo kinapendeza, lakini nguvu inakuwa joto. Dalili nyingine ni hii: SWR inayobadilika mtu akitikisa kikalio au akifungua boneti inaonyesha mguso uliolegea.

Kusikika kwa jirani nyuma ya mlima

Wengi wanashangaa kwamba foni ya HF inasikika nchi ya mbali, na kituo kilicho kilomita 100 nyuma ya mlima hakisikii. Sababu ni hii: fimbo iliyosimama wima inatupa mawimbi chini chini kuelekea mbali. Ili kumfikia jirani, mawimbi yanapaswa kupanda karibu wima, yagonge tabaka la juu la anga, kisha yashuke ng'ambo ya mlima.

Gari likisimama, iinamisheni fimbo kuelekea nyuma na kuifunga kwa kamba ya nailoni, kamwe si kwa waya. Mkiwa na dakika kumi, kuna dawa nzuri zaidi: nyaya mbili za kufunga mitini. Kwa 7.1 MHz, kila upande uwe na mita 10, kebo iungane katikati, na nyaya ziwe mita 3 mpaka 5 juu ya ardhi. Waya huo kwa mazungumzo ya karibu unashinda fimbo yoyote ya gari. Mkungojee kwenye mfuko nyuma ya kiti. Tena kumbukeni kwamba mchana masafa ya 5 mpaka 8 MHz yanafaa kwa umbali huo, na usiku yale ya 3 mpaka 4 MHz.

Hatari

Antena inayotuma inaunguza. Mtu asiiguse, na watu wasiikaribie chini ya mita 2. Kwenye pikapu zetu watu hukaa nyuma na hata juu ya mizigo. Shofere asiseme kwenye foni kabla ya kuangalia mkono wa nani uko karibu na fimbo.

Msitume wakati wa kumimina mafuta, iwe kituoni au kwa akina kadafi wa kando ya barabara.

Angalieni nyaya za umeme zinazoning'inia chini mjini. Fimbo iliyo kwenye bampa inapita urefu wa gari. Mkiingia mjini, ilazeni na kuifunga.

Na radi. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha kwamba Kabare, katika Kivu Kusini, inaongoza Afrika yote kwa radi: karibu mimweko 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Mvua ya radi ikianza, acheni kutuma, chomoeni kebo ya antena, mkae ndani ya gari la bati mmefunga milango, bila kugusa vyuma.

Ruhusa na barieri

Masafa katika nchi yetu yanasimamiwa na ARPTC. Foni ya hospitali au ya jumuiya inahitaji ruhusa na masafa yake. Ruhusa ya redio ya ridhaa, ambayo majina yake ya hewani kwa Kongo huanza na 9Q, ni ya mtu binafsi na ni ya kujifunza. Haibadilishwi kuwa foni ya kazi za ofisi. Nakala za ruhusa zikae ndani ya gari, na shofere ajue kuzieleza.

Tusifiche jambo hili: katika maeneo ya vita, antena ndefu inavuta macho. Anayesimamisha gari anaweza kudhani mnapeleka habari za upande fulani. Kwa hiyo kwenye barieri foni izimwe, na mikono ionekane. Hewani msitaje kamwe mahali walipo watu wenye silaha wala mwendo wao. Msitaje majina ya wagonjwa wala pesa zilizo ndani ya gari. Foni haina siri, na yeyote mwenye redio anasikia. Kama njia ni ya mashaka sana, ng'oeni fimbo muiweke ndani. Ulinzi wa abiria unatangulia mazungumzo.

Kabla ya kuondoka

Shofere afanye haya kila asubuhi ya safari:

- Atikise kikalio cha antena, kisicheze.
- Aangalie misuko ya shaba kama haikukatika na haina kutu ya kijani.
- Aangalie kebo mahali inapopita kwenye mlango au bati.
- Apime SWR na kuilinganisha na ile iliyoandikwa siku antena ilipofungwa.
- Aite kituo na kupata jibu kabla gari halijatoka uwanjani.
- Ahakikishe waya wa mitini, kamba ya nailoni, fyuzi za akiba na nakala za ruhusa vimo ndani ya gari.

Kazi hii haizidi dakika kumi. Daftari dogo la vipimo, likitunzwa pamoja na karatasi za gari, litamwonyesha fundi wa kesho mahali pa kuanzia. Safari njema.